Wenye wazee wenye sukari, angalieni vidonge vyao

Jamani bi mkubwa wangu hapa Ngamiani kabadilishiwa dawa, zamani alikuwa anameza metformin peke yake sasa kapewa kidonge kimoja chenye dawa mbili ndani, nikageuza karatasi nyuma nikaona pameandikwa glimepiride 2 mg na metformin 500 mg, nikamuuliza mama na zile za zamani kwenye kopo je? Eti naendelea nazo mwanangu, si dokta alisema nisiache dawa. Weee! Nikambeba hadi famasi, yule dada akatwambia za kopo aweke pembeni maana metformin tayari imo humo, labda dokta mwenyewe aandike vingine.

Alafu hii glimepiride ndo ya kuchunga, inalisukuma kongosho litoe insulini, ukimeza ukakaa na njaa sukari inashuka, jasho, mikono inatetemeka, moyo mbio. Kwa hiyo anameza na mlo wa kwanza wa siku, sio kabla hajajua atakula nini. Ikimshuka apewe juisi au soda, soda ya sukari lakini sio ile ya diet, apimwe tena baada ya dakika 15, na akizimia usimmwagie kitu mdomoni kimbiza hospitali. Metformin yenyewe kero yake kubwa tumbo, ukila nayo chakula inakuwa afadhali, ila figo zipimwe.

Na mfungo wa Ramadhani msijipangie masaa nyumbani, pitieni kliniki mapema. Mama kaninunia toka jana anasema nimekuwa nesi wake haha.