Waogiek walishinda kesi, msitu bado hawana

Septemba 2023 Nairobi ilijaa wageni wa mkutano wa tabianchi wa Afrika, hotuba kila kona, jamii asilia hivi, maarifa ya wazee vile. Novemba mwaka huohuo maaskari wa misitu wakaingia Sasimwani, kule Narok, nyumba za Waogiek, jamii asilia ya warina asali wa msitu wa Mau, zikabomolewa, na sababu tuliyopewa ni kwamba msitu wa Mau lazima uokolewe. Uokolewe kutoka kwa nani sasa?

Manake hii kesi ya Waogiek na serikali ya Kenya ilishaisha jamani. Ilianza na notisi ya siku 30 ya kuhama, Oktoba 2009, ikafika mpaka Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kule Arusha, na tarehe 26 Mei 2017 majaji wakasema wazi kwamba serikali imevunja haki za Waogiek, na kwamba kuharibika kwa Mau si mzigo wa kuwatwika wao, kuna watu wengine waliogawiwa makazi humo ndani na kuna vibali vya kukata mbao vilivyotolewa ovyo. Juni 2022 ikaamua tena: fidia ya shilingi milioni 157.85, na ardhi irudishwe kwa hatimiliki ya pamoja. Mimi pesa hata sizihesabu sana, hiyo hati ndio roho ya kesi yenyewe.

Na hawa si watu wa kufundishwa msitu. Mti mkubwa ndio boma la mzinga, gogo linachongwa linapandishwa huko juu kabisa (mimi hata ngazi ya nyumba inanitetemesha), kwa hivyo mrina asali kukata miti ovyo ni kujinyima chakula. Zamani kila ukoo ulikuwa na kipande chake kirefu, kinashuka kutoka msitu wa juu wenye baridi mpaka chini kwenye vichaka, maana maua hayachanui pamoja, yakiisha huku yanaanza kule, na mwenye mizinga anapanda na kushuka akiyafuata mwaka mzima, anajua mti gani umechelewa na mvua gani imekosea. Sasa mtoe huyo mtu umpeleke kando ya barabara, hayo yote atamfundishia mtoto wapi?

Siku hizi ni stori za kaboni tu, miti inahesabiwa kwa tani za hewa ya kaboni inayofyonza na wanunuzi wa hesabu hiyo wapo. Haya, anayetaka kufanya biashara hiyo Mau, karatasi atasaini na nani, kama wenye msitu hawajapewa hati ambayo mahakama ilishaamuru?