Ligombo, ulanzi na redio ya babu

Kamweneni wa Iringa na wote mlio mbali!

Watu wananiuliza muziki niliusomea wapi. Kilabuni, jamani! Nilikuwa natumwa kumfuata babu kwenye ulanzi, pombe ya mianzi, kipindi cha mvua, mianzi ikigemwa kweli kweli, nami nachelewa makusudi kwa sababu pale kulikuwa na mzee akipiga ligombo. Wasiolijua: ni ubao mrefu uliochongwa shimo katikati, na uzi mmoja tu unapitishwa mwisho huu hadi ule, unarudi, unakwenda tena, mpaka unakuwa nyuzi kadhaa. Kibuyu ndicho kinachokuza sauti. Ukikaa karibu unakisikia tumboni kabla ya masikioni. Mzee yule hakupaza sauti kamwe. Aliimba kama anayesengenya, na kilabu kizima kikanyamaza kusikia nani anasemwa leo!

Nyumbani kulikuwa na redio, betri tunazianika juani ili zifike usiku. Redio Tanzania ndiyo iliyonipa Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, na ilimba yake, ile marimba ya kupigwa kwa vidole gumba. Sikuelewa Kigogo hata neno, lakini ile sauti inayopanda juu ghafla ilinikosesha usingizi. Mpaka leo naiiga, vibaya.

Shule? Kwaya. Tuiache hapo.

Sasa vijana wawili wa mtaani wanakuja jioni kujifunza. Mmoja ana vidole kuliko mimi, simwambii bado. Tunataka kuchonga ligombo la pili, ubao upo. Mwenye kibuyu kikubwa kikavu, hasa wa Kilolo, aje inbox, bei tutaelewana.