Saa ya keneli yangu ilikimbia mara nne: nilivyoirekebisha
Nilikuwa barazani Ngamiani, Tanga, laputopu mapajani, najaribu keneli, yaani programu ya msingi ya mfumo endeshi, ninayoiandika mwenyewe. Kwa kiini kimoja cha prosesa ilikwenda vizuri. Nilipowasha vinne, sekunde 10 za saa ya ukutani zikawa karibu 40 ndani ya keneli. Hiyo mara nne ndiyo iliyonifumbua macho.

Kila kiini kina taima yake ndani ya APIC, sehemu ya prosesa inayoshughulikia mikatizo, yaani ishara za kukisimamisha kiini kidogo ili kihudumie jambo, na vyote nilivipa msimbo uleule wa kupokea mkatizo wa taima. Basi vyote vinne vikawa vinaongeza kaunta moja ya muda. Nikaweka sharti: kiini namba 0 peke yake kiongeze muda. Saa ikatulia.

Lakini vile vingine vitatu vikapokea mkatizo mmoja mmoja, kisha kimya. Hili lilinikesha. Kumbe sharti langu liliviruhusu kutoka mapema, kabla ya kuandika 0 kwenye rejista (kisanduku kidogo cha data ndani ya APIC) ya 0xB0, inayoiambia APIC kwamba mkatizo umeshashughulikiwa. Bila hilo, taima haisikiki tena. Nikaupandisha mstari ule juu ya sharti, tena kabla ya kubadilisha zamu za kazi, maana kazi mpya huenda isirudi hapo. Adhana ya alfajiri ilinikuta natazama kaunta za mikatizo za viini vyote vinne zikipanda sambamba.