Nilivyojifunza kusafiri na nisiowajua

Mtoto wa mama niliyeketi naye kwenye basi alipitiwa na usingizi, kichwa kikaegemea mkono wangu wa kulia, upande ulio na mfuko wa simu. Mama yake akanong'ona, "Samahani, ngoja nimvute." Nikamwambia, "Mwache tu dada, apumzike." Vituo tisa nilikaa bila kugusa simu wala spika za masikioni, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka nikawatazama abiria wenzangu.

Wiki ileile nikajiwekea utaratibu: asubuhi nasikiliza nipendacho, jioni masikio wazi. Mwanzoni nilipata tabu kweli. Sikujua macho niyaweke wapi. Mtu akigeuka, nami nageukia dirishani. Kilichonisaidia ni kutazama mikono, maana mikono haioni haya. Kuna mzee aliyekuwa akizungusha pete kwa kidole gumba kila basi lilipokata kona. Kuna binti aliyekuwa akikariri kitu huku anahesabu vidole, midomo ikimchezacheza. Jirani yake akalipakata begi lake ili binti apate nafasi. Hakuna aliyesema neno.

Utafiti wa Nicholas Epley na Juliana Schroeder, uliochapishwa mwaka 2014, ulionesha kuwa abiria wa Chicago walioombwa kuzungumza na mtu wasiyemjua walifurahia safari kuliko walioombwa kukaa peke yao. Sibishi, ila mimi raha yangu kubwa imo katika ukimya ule wa pamoja. Stanley Milgram, mwanasaikolojia wa Marekani, naye aliandika mwaka 1972 kuhusu watu tunaokutana nao kila siku kituoni, tukawajua kwa sura tu, bila kusalimiana.

Wa kwangu ni mzee mmoja wa kofia ya kijivu. Hulala safari nzima, kisha huzinduka kituo kimoja kabla ya chake. Kuna kipindi hakuonekana siku nyingi, nikaingiwa na wasiwasi kama wa ndugu. Siku aliyorudi sikuweza kujizuia: "Mzee, umepotea sana."

Akanitazama, akatabasamu. "Nilikuwa naumwa, mwanangu. Kumbe ulikuwa unaniona?"

Siku hizi tunaitikiana kwa kichwa, basi. Yeye anavuta kofia usoni na kulala. Kituo chake kikikaribia, namtupia jicho, nikiwa tayari kumgusa bega. Bado sijalazimika.