Nilivyoiwahi cheni ya taimingi kabla haijaua injini

Mlio wenyewe ulikuwa wa sekunde tatu tu. Nawasha gari alfajiri, injini inashika, halafu upande ule wenye mikanda unatoka mkwaruzo wa chuma, krrrr, kama misumari inayotikiswa ndani ya kopo. Kisha kimya. Gari likishapata moto, hata ukilizima na kuliwasha mara kumi mchana, husikii kitu. Ndiyo maana nilikaa na mlio huo karibu miezi miwili, nikijiambia kwamba gari la miaka 14 lenye kilomita zaidi ya 230,000 halikosi kikohozi.

Kilichonilaza usingizi ni neno la aliyeniuzia. Aliniambia, "Hili ni la cheni, ndugu yangu, si la mkanda. Cheni ni ya maisha." Nikalichukua neno hilo kama lilivyo. Kweli, gari la mkanda wa taimingi lina kilomita zake zilizoandikwa kwenye kitabu, zikifika unabadilisha. La cheni mara nyingi halina tarehe. Lakini kukosa tarehe hakumaanishi kwamba cheni hailiki.

Cheni hiyo inaunganisha kranki shafti iliyo chini, ile inayozungushwa na pistoni, na kamshafti zilizo juu, zile zinazosukuma vali, ili vali zifunguke na kufunga kwa zamu yake na pistoni. Kranki ikizunguka mara mbili, kamshafti inazunguka mara moja. Injini ikiwa kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika, kila vali inafunguka mara 25 kwa sekunde. Na kwenye injini nyingi za siku hizi, yangu ikiwemo, vali iliyofunguka na pistoni iliyopanda juu zinagombea nafasi ile ile. Kinachozuia zisigongane ni zamu tu, na zamu inashikwa na cheni. Cheni ikiruka meno ya kutosha, vali zinapinda kwa kugongwa na pistoni, na hapo huzungumzii tena cheni, unazungumzia injini.

Mahali pa kwanza nilipopeleka gari, sitapataja, niliambiwa niweke oili nzito zaidi, mlio utaisha. Niliongeza kidogo juu ya ile ya zamani, bila kupima. Asubuhi iliyofuata mlio ulirefuka, kutoka sekunde tatu hadi tano. Sasa najua kwa nini. Cheni inakazwa na kifaa kinachoitwa tenshena, ambacho ndani yake kina pistoni ndogo inayosukumwa na presha ya oili. Gari likilala, oili inashuka kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, na tenshena inalegea. Ukiwasha, cheni iliyolika inapigapiga kwenye reli zake, yaani vile vipande vyenye plastiki vinavyoielekeza, na kwenye kava mpaka presha ifike. Oili nzito ikiwa baridi inachelewa kupanda. Nilikuwa nimemwongezea mgonjwa ugonjwa.

Basi nikampigia mzee mmoja fundi, mtu aliyefungua injini tangu mimi sijaanza shule. Nilitaka nimpelekee gari. Akanikatalia.

"Usiniletee, mwanangu. Likija linatembea haliniambii kitu. Liache lilale, usiliguse, kesho asubuhi nakuja mwenyewe nilisikie likiwa la baridi."

Kwa jibu hilo peke yake nilijua nimempata mtu. Alikuja jua halijachomoza, akaweka kiganja juu ya kava la injini kuhakikisha ni baridi kweli. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuvua feni belti. Aliniambia alternata, puli na beringi zake zinaweza kutoa mlio unaofanana sana na wa cheni, na watu wameshafungua injini bure kwa ajili ya beringi ya puli. Bila mkanda, injini ikiwashwa sekunde chache haidhuriki. Akaweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye kava la mbele la cheni, mpini akauegemeza sikioni, akaniashiria niwashe.

Krrrrr. Upo vile vile.

Nikazima. Akanipa bisibisi nami nisikilize kwenye jaribio la pili, safari hii ncha ikiwa juu kwenye tapeti kava, kifuniko cha juu kinachofunika vali. Pale kulikuwa na tik-tik nyepesi ya vali, yenye mpigo sawa. Akanishusha kwenye kava la cheni, na hata mimi nisiye fundi nilisikia tofauti: huku hakukuwa na mpigo, ni fujo ya chuma kinachojitupa huku na huko.

Alichomoa kijiti cha oili. Kilikuwa kikavu karibu hadi ncha. Hapo nilishikwa na majuto, kwa sababu nilijua historia yake. Gari lilikuwa linakula oili kidogo kidogo, nami nilikuwa nasubiri kilomita 10,000 zifike ndipo nifungue boneti. Kumbe tenshena na cheni zilikuwa zinafanya kazi kwa oili chache, tena chafu. Uchafu ule ndio unaosaga pini za cheni. Watu husema cheni imevutika, lakini chuma hakijavutika popote. Ni pini na vikombe vyake vinavyolika, kila kiungo kinapata ulegevu kidogo, na ulegevu huo unajumlishwa cheni nzima.

Taa ya injini ilikuwa imeanza kuwaka wiki hiyo. Mashine ya kupimia ilisoma kodi ya hitilafu P0016, yaani kompyuta ya gari inaona kranki na kamshafti hazipatani. Nilidhani hapo kesi imekwisha, mzee akasema bado. Kodi ile inaweza kuletwa na sensa, na waya uliokatika, au na vali ya oili ya taimingi iliyoziba uchafu. Alifungua vali hiyo, akasafisha kichujio chake, akaangalia sensa na soketi za waya zake. Zote nzima. Ndipo akavua tapeti kava, akazungusha kranki kwa spana mpaka alama ya puli ikakaa kwenye sifuri, akanimulikia tochi kwenye gia za kamshafti. Alama zake zilipaswa kutazamana sawasawa. Zilikuwa zimebaki nyuma, karibu nusu ya jino. Cheni ikirefuka, kamshafti zinachelewa, na kuchelewa kwenyewe kulikuwa mbele ya macho yangu.

Nilimwuliza kama tunaweza kubadilisha tenshena tu, kwa sababu ndiyo rahisi, na kwenye gari langu inafikika bila kufungua kava lote.

"Tunaweza. Mlio utapungua na wewe utalala. Cheni itaendelea kulika, na safari hiyo haitakuambia."

Hilo ndilo lililoamua. Nikanunua seti nzima: cheni, tenshena, reli zote, gia ya kranki na gia za kamshafti pamoja na ile inayogeuza taimingi kwa presha ya oili, sili ya mbele ya kranki, na bolti mpya zile ambazo kitabu kinasema zikishakazwa mara moja hazirudiwi. Gia watu wengi huziacha. Meno yaliyochongwa na cheni ya zamani yanaila mpya haraka, na ukweli ni kwamba kazi kubwa iko kwenye kufika pale ndani; ukishafika, kuacha kipande cha zamani ni kujipangia kufungua tena.

Kufungua kulichukua siku nzima. Maunti inayoshikilia injini upande ule ilitoka, injini ikashikiliwa na jeki yenye ubao chini yake, puli ya kranki ikatugomea kwa saa nzima. Sampu iliposhuka, mzee aliniita. Chini kabisa, kwenye kichujio cha pampu ya oili, kulikuwa na vipande vya plastiki vya rangi ya chai, vyembamba kama kucha zilizokatwa. Nilichukua kimoja nikakibana kwa vidole, kikavunjika kama biskuti. Vilikuwa vimemeguka kutoka kwenye reli ya cheni. Upande wa reli unaogusana na cheni ulikuwa na mifereji miwili iliyochimbika, na kwenye ncha plastiki ilikuwa imeisha. Vipande hivyo vingeongezeka kidogo tu, pampu ingenyonya kwa shida, na injini nzima ingekosa oili. Sikuwa nimelifikiria hilo hata siku moja. Nilikuwa naogopa cheni kukatika, kumbe kulikuwa na njia nyingine ya kuua injini, polepole.

Tenshena nayo ilikuwa imetoka karibu mwisho wake. Haikuwa na pa kusogea tena.

Kisha tukatundika cheni mbili kwenye msumari mmoja, ya zamani na mpya, zikining'inia pamoja. Viungo ni vilevile kwa idadi, lakini ya zamani ilizidi chini kwa karibu milimita 6. Cheni ni duara, inaning'inia ikiwa imekunjwa mara mbili, kwa hiyo yote imerefuka milimita 12. Ukigawa kwa viungo 150, kila kimoja kimelika milimita 0.08 tu. Ulegevu ambao ni vigumu kuuona kwa jicho. Ukiishika kwa ubavu, mpya inasimama kidogo kabla ya kujikunja. Ya zamani ilianguka kama kamba.

Siku ya pili ndiyo niliyojifunza uvumilivu. Cheni mpya ina viungo vitatu vya rangi, kila kimoja kinakaa kwenye alama ya gia yake: moja chini kwenye kranki, mbili juu. Mzee aliniagiza nisiguse kamshafti wala kranki wakati cheni haipo, kwa sababu ukizungusha kimoja bila kingine vali inaweza kukutana na pistoni hapo hapo, bila hata kuwasha. Tukapanga, tukafunga reli, tukafunga tenshena ikiwa imebanwa na pini yake ndogo, tukaichomoa pini, tenshena ikaruka na kukaza. Nikatabasamu. Mzee hakutabasamu.

Akaweka spana kwenye kranki, akazungusha kwa mkono, taratibu, kufuata upande inakozunguka injini, raundi mbili kamili. Viungo vya rangi vilikuwa vimehama, nami nikashtuka. Akaniambia hivyo ni kawaida, haviwezi kurudi mahali pake kwa raundi mbili. Kinachoangaliwa sasa ni alama za gia zenyewe. Tukaangalia. Kamshafti ya moshi, inayofungua vali za kutolea moshi, ilikuwa imepitiliza jino moja.

Jino moja. Gia ile ina meno 36, kwa hiyo jino moja ni digrii 10 za kamshafti, sawa na digrii 20 za kranki. Cheni ilikuwa imelegea upande mmoja wakati tunaipanga, na tenshena ilipokaza ikavuta. Tungefunga kava bila zile raundi mbili, gari lingewaka vibaya au lingefanya baya zaidi. Tulirudisha tenshena, tukafungua, tukapanga upya, mimi nikiishika cheni upande wa reli isiyosogea ibaki imenyooka muda wote. Raundi mbili tena. Sawa. Mzee akazungusha mbili nyingine, akaangalia tena kabla ya kuniruhusu nisafishe mikono.

Kava la mbele linazibwa kwa silikoni, na hapo ndipo haraka huharibu kazi nzuri. Tulikwangua silikoni ya zamani yote, tukafuta sehemu zote mbili mpaka kitambaa kikatoka kikavu na cheupe, tukapaka mstari mwembamba usiokatika, na kukaza bolti kwa spana ya kupimia kwa mpangilio wa kitabu. Kisha gari likalala bila oili mpaka kesho yake. Nilitamani sana kuliwasha usiku ule.

Asubuhi ya tatu tukatia oili mpya ya uzito ulioandikwa kwenye kitabu, na filta mpya. Mzee akachomoa soketi za koili zinazoleta moto na za nozeli zinazoleta mafuta ili injini isishike, tukapiga stata kwa sekunde chache, tukapumzika, tukapiga tena, mpaka taa ya oili ikazima. Maana yake presha imefika na tenshena imejaa. Ndipo akarudisha soketi zote na kuniambia, "Washa."

Ikashika. Nilikuwa nimezuia pumzi nikingojea ule mkwaruzo. Haukuja. Tuliiacha inguruma, tukamulika chini kutafuta uvujaji, tukafuta kodi kwenye mashine, na haijarudi.

Lakini jaribio nililolingoja mimi lilikuwa la siku mbili baadaye, gari likiwa limelala usiku kucha. Nilifungua boneti kwanza, nikasimama karibu na kava la cheni, nikamwomba mke wangu awashe. Ilisikika stata, halafu injini, basi.

Baada ya kilomita 1,000 nilimwaga oili ile ingawa ilionekana safi, nikitaka mabaki yoyote ya plastiki na silikoni yatoke. Nilikata filta na kuikunjua karatasi yake juani: hakukuwa na vipande, punje chache tu nyeusi. Sasa nabadilisha kila kilomita 5,000, na kijiti nakichomoa kila Jumamosi asubuhi kabla ya kuwasha. Gari bado linakula oili kidogo, karibu robo lita kwa kilomita 1,000, nami naiongeza kabla haijafika alama ya chini. Cheni ya zamani iko kwenye ndoo ya vyuma, pamoja na ile reli yenye mifereji miwili.