Pindo la kanga na brashi namba 6

Mimi ni mhasibu. Nakaa Kigamboni, ofisi iko Posta, na mwezi wangu una milima miwili: tarehe 7, mwisho wa kupeleka kodi za mishahara, na tarehe 20, ritani za VAT, kodi ya ongezeko la thamani. Katikati ya hiyo milima kuna risiti za EFD, zile za mashine za kodi, zilizofifia hazisomeki, wateja wanaopiga simu saa tatu usiku, na binti wa miaka 8 anayetaka daftari lake likaguliwe kabla hajalala. Nayataja haya mapema kwa sababu kila nikimfungulia mtu bati langu la biskuti lenye picha ndogo ninazochora kwa rangi za maji, swali huwa ni hilo hilo: muda unautoa wapi?

Nilianza Januari ya mwaka juzi, na nilianza vibaya. Nilinunua kisanduku cha rangi za maji chenye vidonge 12 na daftari la karatasi nene, nikajiwekea sheria: picha moja kila siku, nusu saa, saa 11 alfajiri watu wakiwa bado wamelala. Nikaunda na jedwali kwenye kompyuta, lenye safu ya tarehe, ya nilichochora, ya dakika, na ya alama nilizojipa. Siku 19 zilijaa vizuri. Tarehe 20 nilifika nyumbani saa nne usiku, brashi sikuigusa. Kesho yake nikafungua jedwali nikakuta mstari mtupu, moyo ukaniuma kama nimekuta upungufu kwenye vitabu vya mteja. Nikasema nitafidia. Deni likawa picha mbili, likawa nne, likawa saba. Februari ilipoingia kisanduku kilikuwa juu ya kabati, na mimi nikipita hapo naangalia pembeni.

Aliyekishusha ni mwanangu. Jumapili moja natoka kuanika nguo, namkuta amekaa sakafuni, brashi kaichovya kwenye kikombe changu cha chai. Kabla sijasema neno akaniuliza, "Mama, si inaitwa chai ya rangi?"

Nikakaa chini naye. Chai inapaka kahawia hafifu, karibu huioni. Ukiacha ikauke ukarudia juu yake, inakolea. Ukirudia mara ya tatu unapata rangi ya mabua makavu, nzuri ajabu. Tulichora kuku. Tukachora kobe. Kikombe kikapinduka, doa likaenea nusu ya ukurasa, naye akaliwekea macho na masikio likawa kiboko. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Jioni ile nililifuta jedwali, na sijawahi kulitengeneza tena. Niligundua kwamba sikuwa nimekosa muda. Nilikuwa nimejipa kazi ya pili, yenye bosi mkali, na bosi mwenyewe nilikuwa mimi.

Tangu hapo nachezea. Neno hilo nalitumia kwa makusudi.

Vifaa nilivipunguza mpaka vikaenea kwenye mfuko wa mbele wa mkoba: kisanduku, brashi moja ya duara namba 6, kichupa cha dawa chenye maji, na kipande cha kanga kuukuu cha kufutia. Daftari nililiacha, kwa sababu ukurasa mkubwa mweupe ulikuwa unanitisha. Sasa nachukua karatasi nene ya gramu 300 kwa mita ya mraba, saizi ya A4, naikata vipande nane. Kipande kimoja kinatosha kiganjani na kinajaa kwa dakika 10. Karatasi ya kuprintia isikudanganye. Ni gramu 80, ikilowa inajikunja kama jani la mgomba juani na maji yanatuama kwenye mabonde.

Rangi zenyewe zimeumbwa kwa ajili ya mtu mwenye haraka. Ni unga wa rangi ulioshikwa na utomvu wa mgunga, na utomvu huo unayeyuka kwenye maji kila mara. Ukiacha kidonge kikauke wiki nzima, tone moja linakiamsha. Hakuna kuosha vyombo, hakuna harufu. Pantoni, kile kivuko cha kwenda mjini, ikifika nafunika, nanyanyuka.

Maana ni nikisubiri pantoni ndipo ninapochora siku nyingi. Kuvuka kwenyewe kutoka Kigamboni hadi Magogoni hakufiki dakika 10, lakini pale bandani pa kusubiria abiria nina dakika zangu, na nilikuwa nazimaliza kwenye simu. Mchezo wangu wa asubuhi nauita mchezo wa pindo: nachora kipande cha pindo la kanga ya yeyote aliyekaa mbele yangu. Sura ya mtu sichori, sipendi kumchora mtu bila ridhaa yake.

Siku moja mbele yangu alikaa mama mtu mzima, kikapu miguuni, kajitanda kanga nyekundu yenye pindo la korosho nyeusi juu ya weupe. Hapo ndipo nilipoielewa rangi ya maji kweli kweli. Mimi nimekulia Dar, macho yangu yamefunzwa na picha za Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alipoanza hapa mjini mwaka 1968 alitumia rangi ya mafuta ya kung'aa, ile ya kupakia baiskeli, kwenye vipande vya ubao. Rangi ile inafunika. Ukitaka nukta nyeupe juu ya chui, unaiweka mwisho. Rangi ya maji haifuniki kitu, inapitisha mwanga kama chandarua. Weupe haupakwi, unaachwa. Kwa hiyo nilipaka wekundu, nikauzungusha pembeni mwa pindo, weupe wa karatasi nikauacha mtupu, ulipokauka nikatia korosho.

Mama akageuka ghafla. "Weye, wanichora mie?"

"Shikamoo mama. Nachora pindo la kanga yako tu, sura sijaigusa."

"Marahaba." Akakishika kikaratasi, akakisogeza mbali na macho. "Korosho umezinenepesha, mwanangu. Hizi zina shingo." Akaishusha kanga, akainyoosha juu ya goti lake nione vizuri. Nikachora nyingine, yenye shingo. Geti lilipofunguliwa akanyanyua kikapu chake akasema, "Kesho navaa ya bluu." Sikubahatika kumwona tena, lakini korosho zangu zote tangu siku ile zina shingo.

Nyumbani tuna mchezo mwingine. Binti yangu ameweka vikaratasi kwenye kopo la maziwa, tunaokota kimoja jioni: "kitu cha duara", "rangi mbili tu", "mkono wa kushoto", "kitu cha sokoni". "Rangi mbili tu" ndiyo iliyonifunza mengi kuliko yote. Nilichukua bluu nzito ya ultramarini na kahawia yenye wekundu, nikizichanganya zikanipa kijivu. Nikizidisha bluu kinakuwa cha baridi, nikizidisha kahawia kinapata joto. Ni kijivu kile kile cha mvua ikija kutoka baharini. Wiki nzima sikutaka rangi nyingine.

Na embe dodo, jamani. Kama una dakika 10 na hujui pa kuanzia, anza na embe. Lowesha umbo la embe kwa maji matupu, likiwa linang'aa tia njano katikati, kijani begani, wekundu kwenye shavu linaloelekea jua. Kisha toa mkono. Rangi zinatembea zenyewe, njano inauingia wekundu taratibu, kijani kinasita njiani, na wewe umeinama tu unatazama. Acha kijidoa kimoja kikavu bila maji. Hicho ndicho mng'ao wa ganda. Ukianza kurekebisha unapata tope. Nimeharibu maembe mengi kwa kutaka kurekebisha.

Masika yana shida yake huku pwani. Hewa imejaa maji, picha haikauki. Mwaka jana mwezi wa 4 nilifungasha vipande sita kabla havijakauka, wiki ya pili nikakuta vimegandana na vina ukungu. Vilinisikitisha, kimoja kilikuwa cha pindo. Sasa naviacha usiku kucha mbele ya feni, ndipo naviweka kwenye bati la biskuti, na bati nalianika juani kila Jumamosi.

Tarehe 20 bado ni tarehe 20. Mwezi uliopita niliingia nyumbani saa nne kasoro, macho yanawasha. Nilichovya kidole gumba kwenye bluu, nikakibandika kwenye kikaratasi, nikalala. Asubuhi nikakuta binti yangu amekiwekea mapezi na mkia, na chini ameandika "samaki wa Mama". Kiko kwenye bati pamoja na vingine.

Leo jioni ameokota "kitu kinachonuka". Anasema lazima awe ng'onda, yule samaki mkavu, na hataki kusikia habari ya kitunguu. Kesho nikishuka pantoni nitapita sokoni kumnunua huyo ng'onda.