Nilitafuta mbawakawa wa kuzika mizoga Dagoretti, nikaishia na wengine kabisa

Hii kitu ilinichukua karibu miezi miwili na mathe bado hajanisamehe vizuri.

Ilianza na video. Mbawakawa mweusi ako na mikanda ya rangi ya machungwa mgongoni, yeye na bibi yake wanazika panya mzima, wanamtoa manyoya, wanamviringisha mpaka anakuwa kama donge la ugali, halafu wanakaa huko chini na watoto wakiwalisha kwa mdomo. Mdudu, baba na mama, wanalea! Jina lake ni Nicrophorus. Nikasema huyu lazima nimpate hapa kwetu, kwani Nairobi tumekosa mizoga?

Mtego wenyewe si kazi. Unachukua kontena ya aiskrimu ya lita mbili, unaizika mpaka mdomo wake ulingane na udongo, ndani unaweka matumbo ya kuku kwa kikopo, juu unaegesha ubao kwa mawe ndio mvua isiingie. Usiku wa kwanza mbwa wa ploti wakafukua kila kitu. Wa pili nikafunika na waya ya kuku na matofali mawili, hapo wakashindwa, lakini siku ya nne harufu ikafika kwa jirani na yeye hakuja kwangu, alienda kwa mathe. "Mama Kevo, huyu kijana wako anazika nyama usiku ya nini?" Nikaitwa nje na taulo. "We, toa hiyo uchawi yako kwa boma yangu kabla watu waanze kuongea." Nikauhamisha nyuma ya migomba, mbali na nyumba, na maisha yakaendelea.

Nilipata funza, funza, halafu funza tena. Katikati yao ndio kukawa na mbawakawa wa aina mbili, mkubwa mweusi na mdogo anayeng'aa. Nikawaweka kwa chupa ndani ya friza juu hiyo ndio njia safi ya kuwaua bila kuwavunja (dada yangu alifungua hiyo chupa akidhani ni dania, stori yake tuiache).

Sasa kuwataja jina ndio nilipigwa. Kuna kitu wataalamu wanaita ufunguo, maswali mawili mawili, ukijibu moja unatumwa kwa lingine mpaka ufike kwa spishi. Mimi nilipata ya Ulaya. Kirungu cha kipapasio, yaani ile sehemu nene mwisho wa antena, ni cheusi chote? Huyo ni vespilloides. Mwili wote mweusi lakini kirungu cha machungwa? Humator. Mguu wa nyuma umepinda? Vespillo. Wangu hakuwa na kirungu cha machungwa, hakuwa na mguu uliopinda, mikanda pia hana, lakini kwa vile alikuwa mweusi nikajilazimisha ni humator, nikaandika hadi kilebo. Jioni mbili nzima zimeenda hapo.

Kuna mzee namjua, amefanya kazi na wadudu miaka mingi, nikampelekea chupa. Aliangalia kama sekunde tano. "Kijana, Nicrophorus wako kama spishi 70, wako Ulaya, Asia, Amerika mpaka milima ya Andes, lakini kusini mwa Sahara hakuna hata mmoja. Umebeba ufunguo wa nyumba ya watu unataka kufungua ya kwenu."

Nilicheka lakini iliniuma. Hakuna mahali nilikuwa nimejiuliza kama huyo mdudu anaishi huku.

Nikarudi nyumbani nikaanza upya, sahani nyeupe, kijiti cha meno, lenzi ya kukuza mara 10 na tochi ya simu niliyoishika kwa upande, usiimulike kutoka juu, utaona mng'ao tu. Hapo ndio nikamwona vizuri. Ni bapa, saizi kama mbegu ya boga, kila bawa gumu lina matuta matatu yamenyooka kutoka mbele kwenda nyuma, na ile "nyeusi" yangu ukiinamisha sahani inageuka bluu. Kipapasio kinanenepa polepole, si kirungu cha ghafla kama cha Nicrophorus. Thanatophilus micans. Huyu hachimbii mtu kaburi, anataga kwa udongo karibu na mzoga na watoto wanajitafutia wenyewe. Fabricius, mtaalamu wa wadudu wa zamani, alimtaja mwaka 1794 akamweka kwa jenasi ya Silpha, baadaye akahamishwa, ndio maana jina la Fabricius linaandikwa ndani ya mabano. Na familia yenyewe imeanza kusonga, miaka yote walikuwa Silphidae lakini baada ya kazi ya DNA kuna watafiti wamewaingiza chini ya Staphylinidae, familia nyingine ya mbawakawa, kwa hivyo kilebo changu nimeandika kwa penseli.

Yule mdogo alikuwa rahisi hadi nikaona aibu. Necrobia, bluu-kijani, na unasoma rangi tu: miguu myekundu na kifua cha bluu ni rufipes, kifua chekundu ni ruficollis, giza kote ni violacea. Huyo ruficollis ndiye alimwokoa Latreille, padri wa Ufaransa aliyekuwa amefungwa Bordeaux wakati wa mapinduzi, alimwokota kwa sakafu ya jela, daktari akampeleka kwa mtu anayejua wadudu, na hapo ndio mipango ya kumtoa ikaanza. Wangu ni rufipes. Anapenda nyama na samaki waliokauka, na nilipoangalia gunia la omena jikoni nikawapata wanne wanatembea bila wasiwasi.

Sasa mathe akinunua omena anamwaga kwa sinia kwanza, halafu ananiita kutoka jikoni: "Kuja uangalie miguu."